Alitengwa, Hakuhama

Wasifu wa marehemu Mama Pasi, unaosomwa na binti yake mkubwa

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Pasi, alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Machi 1950, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee wa kanisa na mkewe. Alibatizwa mwaka huo huo katika kanisa la Kiprotestanti ambalo babu yake alilifyatulia matofali. Familia inalitaja hili mapema kwa sababu tangu juzi kuna maneno kwamba marehemu hakuwa na kanisa. Alikuwa nalo. Wenye shida walikuwa wengine.

Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza darasa la nane mwaka 1965. Kipaimara alikipata akiwa na miaka kumi na minne. Mwalimu wake aliwahi kumwambia baba yake kwamba binti ana akili, ila ana mdomo. Baba akajibu, "Akili ni zangu. Mdomo kamuulize mama yake." Alichokikariri hakikumtoka, hata uzeeni aliweza kuisema katekisimu yote bila kumeza mate.

Mwaka 1967 alianza kujifunza udobi kwa shangazi yake, na mwaka 1971 akafungua duka lake mwenyewe la udobi mkabala na posta: chumba kimoja, sinki la saruji, kamba sita uani na pasi mbili za mkaa. Ijumaa sista wa parokia alileta kanzu za padre na vitambaa vya altare. Jumamosi lililetwa joho la mchungaji. Vyote viliingia karai moja. Mzee mmoja wa kanisa alipokuja kulalamika kwamba joho linaloshwa na vitu vya Wakatoliki, marehemu alimgeuzia kola zote mbili. "Mzee wangu, hii ina jasho na hii ina jasho. Niletee isiyo na jasho, hiyo nitaifua peke yake."

Bomba la duka hilo liliharibika mwaka 1972, na fundi bomba aliyeitwa alikuwa Mkatoliki. Alirudi mara tatu mwezi huo. Shangazi akauliza, "Hivi bomba hili lina ugonjwa gani?" Marehemu akasema, "Bomba limepona, shangazi. Anayeumwa ni fundi."

Fundi alikuwa tayari kuhamia kwa Waprotestanti ili apewe mke. Marehemu alimkatalia. "Ukihama kwa ajili yangu, siku nikikuudhi utarudi kwenu, uniache mimi na mchungaji." Walifunga ndoa parokiani Jumamosi tarehe 17 Agosti 1974, kwa kibali cha askofu, kila mtu na kanisa lake. Jumapili tarehe 1 Septemba jina lake lilisomwa mbele ya washarika: ametengwa na meza ya Bwana kwa kufunga ndoa nje ya kanisa. Aliyesoma ni baba yake mzazi, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Alipofika kwenye jina ilibidi aanze upya. Marehemu alikuwa amekaa benchi la nyuma na hakutoka mpaka wimbo wa mwisho. Aliwaambia wanawe kwamba siku ile ilimuuma kuliko uchungu wa kuzaa.

Njia ya kurudi kundini ilikuwa fupi: asimame mbele, aseme alikosea, aombewe. Miaka ilipopita baba yake alimsihi. "Mwanangu, ni dakika mbili tu." Marehemu akamjibu kwa heshima zote, "Dakika mbili za kusema ndoa yangu ni dhambi, baba. Na hawa wajukuu zako wanne, dakika hizo niwaweke wapi?" Baba hakumwomba tena. Mwishoni mwa maisha yake aliacha viti vya wazee, akawa anakaa na binti yake nyuma.

Padre naye alimkaribisha. "Njoo huku, mama, utapokea komunyo pamoja na mumeo." Marehemu alimshukuru. "Padre, nikija leo kwa kuwa kule nimetengwa, utakuwa umepata mkimbizi, hujapata muumini."

Kwa hiyo kwa miaka arobaini na sita alisali mara mbili kila Jumapili: saa moja misa na mumewe, saa nne ibada kanisani kwake. Kwenye misa hakupokea komunyo, kwenye ibada hakukaribishwa mezani. Na joho la mchungaji aliendelea kulifua. Wanawe walipomwambia aache, alisema, "Nimetengwa mimi. Joho lina kosa gani?" Lakini asidhaniwe alikuwa jiwe. Jumapili za meza ya Bwana chakula cha mchana alikuwa hakigusi, na nyumbani kila mtu alijua asimsemeshe.

Tarehe 3 Februari 2021 alipata kiharusi kilichomchukua upande wa kulia na sehemu kubwa ya usemi. Mchungaji mpya, kijana mwenye roho nzuri, alimtembelea hospitalini. "Mama, huna haja ya kusimama wala kusema. Itikia kwa kichwa tu, leo hii nakurudisha." Marehemu akatikisa kichwa kukataa. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, akaigeuza kola ya mchungaji, akaikagua kwa ndani na kumwashiria binti yake mkubwa kwamba kazi ya siku hizi ni mbovu. Mchungaji alicheka hadi akafuta machozi.

Alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 11 Oktoba 2021, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Siku ya pili baraza la wazee lilileta ujumbe: mtoto mmoja asimame kanisani atubu kwa niaba yake, marehemu apate ibada kamili na kengele. Vinginevyo, hapana. Mumewe aliuliza sebuleni, "Maneno aliyoyakataa akiwa na mdomo wake, mnataka yasemwe sasa hawezi kujibu?" Parokia ilijitolea kumzika. Familia inaishukuru kwa dhati, lakini marehemu hakuhama akiwa hai, nayo haitamhamisha akiwa maiti. Wazee waliomba pia aya hii ifutwe. Haikufutwa. Leo anazikwa na watu wake, na sala zinaongozwa na mumewe.

Marehemu ameacha mume, dada mmoja, wajukuu tisa na watoto wanne: wawili Wakatoliki, mmoja mlokole, na binti mkubwa, msharika wa kanisa lile lile, ambaye Jumapili ijayo saa nne atakwenda kusali kama kawaida.

Mama Pasi apumzike kwa amani ya Mungu wake. Hakuitubia ndoa yake, na hakuna mtoto wake atakayemtubia.