Madam Parminder na Hesabu za Kivulini

Ijumaa tarehe 28 Agosti 2026, Madam Parminder anaweka kalamu chini baada ya miaka thelathini na moja ya kuhesabu mimea katika kituo chetu cha utafiti hapa Naivasha. Wenye digrii walipewa kazi ya kuandika wasifu huu, wakaanza kutafuta majina ya Kilatini ya kumsifu. Mhariri wa jarida la kituo akachoka, akaniita mimi dereva, niliyembebea fremu miaka ishirini na miwili.

Baba yake aliuza misumari Nakuru mjini na alitaka binti ashike kaunta. Binti akashika fremu: mbao nne, mita moja kila upande. Unaitupa bila kuangalia, unapiga magoti, unahesabu kila kilichoota ndani. Kazi ya mtu mzima hiyo.

Kila mwaka alifuata mstari uleule, kutoka ziwani hadi Olkaria: mafunjo majini, migunga ufukoni, nyasi za Ndabibi, vichaka vya leleshwa miinukoni, na kule kwenye mvuke vimea vya ajabu vinavyooga maji moto. Mimea, alisema, ni kama wapangaji wa ploti moja mtaani Free Area: kila mmoja anajua jirani anayeweza kumvumilia, na mmoja akihama wote wanasukumana. Ziwa lilipopanda, migunga ikafa imesimama, mafunjo yakahamia palipokuwa kambi yetu. Sisi tuliokoa magodoro. Madam alikuwa majini hadi kiunoni, anahesabu, anacheka peke yake.

Sasa dhambi. Mwaka wa 2017 jua la Ndabibi lilikuwa kali, mtupaji fremu nilikuwa mimi, na kila mara iliangukia chini ya mti. Nilikuwa na shabaha kuliko mwindaji. Lakini chini ya mti nyasi ni haba, kwa hivyo daftari likasema malisho yamekwisha. Kamati ya malisho ikaitisha mkutano wa kuyafunga, na ng'ombe wa mfugaji Mama Jebet na wenzake hawakuwa na pengine pa kwenda.

Asubuhi ya mkutano Madam akapitia daftari, akakuta karibu kila mmea ni wa kupenda kivuli. Aliniangalia juu ya miwani. Nikasoma mawingu. Kisha akasimama mbele ya kamati nzima: "Hesabu zangu ni mbaya. Nipeni wiki mbili nirudie."

Mwenyekiti akauliza ni nani hasa aliyekosea.

"Daftari lina jina langu," akasema, akaketi.

Tulirudia viwanja themanini, yeye akitupa, mimi magotini juani. Nyasi zilikuwepo. Malisho hayakufungwa, na Mama Jebet akatuletea mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu. Nikanywa vikombe vitatu bila aibu. Lakini ofisini wamemtania kwa "hesabu za kivulini" miaka tisa, na hajawahi kunitaja.

Basi wenzangu, ni mimi. Juzi nilitoa daftari la 2017 stoo, na kwenye ukurasa wa Ndabibi nikaandika jina langu kwa wino.

Asante, Madam. Tunakuombea siku njema na magoti yasiyouma. Na mwandiko wangu, tafadhali, usiufute.