Pazia Lililotangulia Nyumba

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama fundi cherehani alikuwa amepakata pazia. Mzee aliyekaa naye, mwashi mwenye saruji kwenye kucha, akamuuliza ni la mteja gani.

"Langu, baba. La nyumba ya serikali. Nimejiandikisha, mwaka wa tisa huu."

"Nyumba hujapewa, pazia umeshashona?"

"Nilipima dirisha la ile nyumba ya mfano."

Mzee akakohoa. "Mama, mimi ndiye ninayezijenga. Ni arobaini tu, na walioomba ni mia tisa. Halafu madirisha wameyapunguza. Si upange kwingine?"

"Kwingine ndiko ninakopanga. Nataka mahali pa kupigilia msumari bila kuomba ruhusa."

Mimi, namba mia sita na kumi na mbili kwenye orodha hiyohiyo, nikatazama nje kama mtu mwenye nyumba.

"Wamepunguza kiasi gani?" Mama alishatoa mkasi.

"Shubiri moja. Lakini usikate. Kunja tu. Wakubwa hawakawii kubadilisha ramani."

Basi likasimama. Mama akashuka amebana pindo kwa vidole viwili, mzee nyuma yake amembebea mkasi.