Deni Lilikwisha, Woga Ukabaki

Bwana asifiwe. Na ninyi ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Wazee wangu mliokaa huko mbele, shikamooni.

Mwenyekiti ameniambia nizungumze kwa kifupi. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka. Fundi cherehani kuzungumza kwa kifupi ni sawa na fundi cherehani kumaliza nguo siku aliyoahidi. Lakini nitajitahidi.

Ameniomba nisimame kwa sababu ya jambo analoliona katika chama chetu hiki cha kuweka na kukopa. Wapo wenzetu walioelemewa na mikopo, wakahangaika, wakalipa mpaka shilingi ya mwisho, halafu hawaonekani tena kwenye vikao. Wamelipa, lakini wanaona aibu. Ukikutana nao hapa Makumira wanavuka barabara wapite upande wa pili. Ndugu zangu, nawaambia, barabara hiyo mimi nimeivuka sana. Nayajua mashimo yake yote.

Nilitoka huko juu mlimani nikiwa kijana, nikajifunza ushonaji kwa mjomba wangu mjini Arusha. Wenye umri wangu mnakumbuka miaka ile kitambaa kilikuwa cha kupangia foleni. Ukipata mita tatu unazileta kwa fundi kama unaleta mtoto mchanga. Ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, maduka yakajaa majora mpaka dari, nami nikafungua duka langu la ushonaji, nikaweka mafundi na vyerehani mstari mzima. Watu wakaanza kuniita Bosi. Nami nikaitika. Hapo ndipo pa kuogopa, wapendwa, siku unapoitikia.

Vitambaa nilikuwa nachukua kwa mali kauli. Wamama wa sokoni mnaijua hii kuliko mimi. Unapewa jora, unaondoka nalo kwa neno lako tu, unafanya kazi, siku mliyokubaliana unapeleka hela. Nilikuwa naaminiwa na maduka manne. Nikiingia dukani naletewa chai kabla sijakaa.

Halafu ikaja mitumba. Sisemi mitumba ni mibaya, nusu yetu hapa tumeivaa. Lakini shati la mtumba lilikuwa linauzwa bei ambayo haifikii hata ujira wangu wa kushona kola. Wateja wakapungua, wakaisha. Mtu mwenye akili angepunguza mafundi, angerudi kwenye chumba kidogo. Mimi nilikuwa Bosi. Nikabaki na duka kubwa, vyerehani vinapigwa na vumbi, na siku za kulipa zinafika.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Siku ya duka la kwanza ilipofika sina kitu, nikaenda duka la pili, nikachukua jora la kitambaa cha suti kwa mali kauli. Sikulishona. Nililipeleka soko la Kilombero, hapo mjini, nikaliuza kwa bei ya kutupa, nikampelekea hela yule wa kwanza. Akafurahi, akanipa jora lingine. Hilo nikaliuza kwa hasara nikamlipa wa pili. Nikaendelea hivyo, nachimba shimo kufukia shimo, na kila nikifukia, lile jipya ni refu kuliko la nyuma. Na kwa nje mimi ndiye mteja mzuri kuliko wote! Nalipa, nachukua, nalipa, nachukua. Mama watoto peke yake ndiye aliyeuliza, "Majora yote haya yanashonwa na nani?" Nikamfokea.

Iligundulika kirahisi. Mwenye duka la pili alipita sokoni akakuta kitambaa chake kinauzwa chini ya bei aliyonunulia yeye mwenyewe kwa jumla. Akauliza kimetoka wapi. Akaambiwa, kwa Bosi.

Sitawaeleza siku zile zilizofuata. Nitasema tu kwamba mzee mmoja wa kanisa letu alikuja nyumbani, akanikuta nimejilaza mchana kama mgonjwa, akaniambia, "Mwanangu, vaa shati. Tunaenda." Tukaenda duka kwa duka, yeye mbele mimi nyuma, tukawakusanya wote wanne mahali pamoja. Vyerehani vikaenda. Kiwanja changu cha Sombetini, nilichokuwa nimeshakichimbia msingi, kikaenda. Wakataka kuchukua hata cherehani cha mwisho.

Aliyekuwa ananidai kuliko wote ni mzee mmoja wa Kihindi, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Ndiye aliyewazuia. Akasema, "Hicho mwachieni. Fundi bila cherehani atakula nini?" Halafu akanigeukia. "Kilichobaki kwangu nimekitoa sadaka. Nenda." Na kilichobaki kwake hakikuwa kidogo. Tukapeana mikono wote, mzee wa kanisa akaomba, nikatoka pale sidaiwi na mtu.

Nikadhani yamekwisha. Loo!

Ndugu zangu, deni linakwisha siku moja, lakini jina halirudi siku hiyo. Nilienda kwa mangi wa dukani pale jirani, nichukue sukari nimlipe jioni. Mangi ananijua tangu sijaoa. Akaangalia pembeni akasema, "Fundi, siku hizi sikopeshi." Na nyuma yangu amesimama mama mwenye kopo lake, akapimiwa mafuta ya kukopa mbele ya macho yangu.

Hilo nililimeza. Lililonivunja ni kipaimara. Binti yangu mkubwa alikuwa miongoni mwa watoto wa mwaka ule. Wazazi wakakaa kupanga magauni meupe ya mabinti. Nikasimama nikasema nitashona kwa nusu ya bei, na la binti yangu nitashona bure ili wenzake wapunguziwe gharama. Mama mmoja, na simlaumu hata leo, akasema kwa upole kabisa, "Kushona tunajua unajua, baba. Lakini hela za vitambaa tutamkabidhi nani?" Kazi akapewa fundi mwingine. Binti yangu, mtoto wa fundi, alipokea kipaimara kwa gauni lililoshonwa na mtu mwingine, na mabega yalikuwa yamekaa vibaya. Niliyaona kutoka benchi la nyuma kabisa. Nililia, na watu wakadhani ni Roho Mtakatifu.

Miaka ikapita nikiwa nyumbani na cherehani changu kimoja, nabana suruali za mitumba. Naam, mitumba iliyoniangusha ndiyo ikanilisha. Nikawa nimeapa sitakopa tena hata kiberiti, na nilijiona nimepata hekima. Kumbe nilikuwa nimejificha tu. Kushona sare za shule, kazi pekee ambayo mitumba haiwezi kuigusa, sikuweza, kwa sababu sare zinataka jora zima kwanza na hela baadaye. Na nani atanipa jora?

Basi nikakusanya kidogo kidogo, nikafunga hela kwenye kitambaa, nikaenda kwa yule mzee aliyenisamehe. Niliwaza hivi: nikianza kumrudishia alichonisamehe, ataniamini. Nilipoingia wanawe walinitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma. Nikasalimia, nikaweka hela mezani, nikaeleza.

Mzee akazisukuma zikarudi kwangu. "Hizi ni za nini? Mimi nilitoa sadaka. Ukinirudishia, mimi mbele ya Mungu nitakuwa nimetoa nini?"

Nikamwambia, "Basi mzee wangu, nipe jora moja tu la kaki. Sidaiwi na mtu."

Akanijibu, "Kweli hudaiwi. Deni lako limekwisha. Woga wangu ndio haujaisha, na huo huwezi kuulipa kwa hela."

Nikainuka niondoke. Akaniita. "Fundi. Hapo barazani kwangu pana nafasi. Lete cherehani chako ukae hapo. Nataka nikuone."

Mnajua baraza za maduka ya nguo mjini. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka, anamkabidhi fundi aliye mlangoni. Akikuamini ni kwa sababu ya duka lililo nyuma yako. Mzee hakunipa kitambaa chake hata sentimita moja, lakini aliniazima mlango wake. Kesho yake nilikuwa pale na cherehani, katikati ya mji, mahali ambapo kila niliyewahi kumkimbia anapita.

Sasa niseme siri ya mafundi, na mafundi wenzangu mtanisamehe. Mteja akikuletea mita tatu, nguo ikala mbili na nusu, ile nusu inakwenda wapi? Mnacheka! Inakwenda kwa fundi. Watoto wangu wamekua wakivaa kaptura za vitambaa vyenu. Hatukuita wizi, tuliita salio. Nikiwa pale barazani, nikijua kuna macho nyuma yangu, nikaanza kukunja kila kipande kilichobaki, hata cha ukubwa wa leso, nakiweka ndani ya nguo, namrudishia mwenyewe. Mwalimu mmoja alifungua gauni lake akaona vipande, akashtuka. "Fundi, leo unaumwa?"

Na tarehe. Nikaacha "njoo kesho". Nikijua sitamaliza, nasema sitamaliza, nenda kwa mwingine. Nilipoteza wateja kwa kusema kweli, nawaambia msije mkadanganywa kwamba ukweli unalipa siku hiyohiyo. Kuna siku nilirudi nyumbani na hela ya dagaa tu. Lakini wale walioenda kwingine wakaambiwa njoo kesho, njoo kesho kutwa, wakarudi, wakaleta na shemeji zao.

Hakuna aliyenisifu. Mzee alikuwa anakaa kwenye kiti chake ndani, na tasbihi yake mkononi. Mpaka siku moja, shule zinakaribia kufungwa na wazazi wanaanza kuwaza sare za mwaka mpya, akaniita, akaweka jora la kaki juu ya meza. "Utalipa lini?"

Wapendwa, kitu nilichokiomba miaka yote ile kimewekwa mbele yangu, nami nikaogopa kukigusa. Nikasema, "Mzee, nipe ruhusa nikaongee nyumbani." Nikamweleza mama watoto. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Lichukue. Ila hilo jora lishonwe, lisiuzwe." Mwanamke huyu! Kwa maneno hayo machache alikuwa ameeleza maisha yangu yote.

Nikalichukua, nikalishona lote, kaptura na sketi, nikalipa kabla siku haijafika. Mzee akahesabu, akaweka kwenye droo, akasukuma majora mawili. Mwaka uliofuata zaidi. Polepole maduka mengine nayo yakaanza kunisalimia. Mangi akanikopesha sukari ambayo hata sikuwa nimeomba. Na usharika ukaniletea magauni ya kipaimara, hela mkononi. Binti yangu mdogo alivaa la kwangu, na mabega, niaminini, yalikaa.

Nimalizie na hili. Mzee yule alifika mahali hata kuniandikia kwenye daftari akaacha. Nilikuwa nachukua, namwambia ni kiasi gani, anaitikia kwa kichwa. Msimu mmoja nikachukua mzigo mkubwa kuliko siku zote, tukiwa wawili tu, na kabla siku ya kulipa haijafika akaugua ghafla, akafariki. Nilikwenda kuzika. Niliporudi, sitawadanganya ninyi, wazo lilinijia: hakuna anayejua. Lilikaa nami asubuhi nzima, likanywa na chai. Nikalifukuza, lakini nawaambieni lilikuja, msije mkadhani aliyepona hajaribiwi.

Baada ya kuanua tanga nikaenda dukani. Nikamwambia mwanawe mkubwa, "Kaka, poleni tena. Baba aliniachia mali ambayo sijailipa. Hakuandika."

Akaniambia, "Tunajua. Alipokuwa hospitali tulimuuliza nani na nani anadaiwa. Akawataja wote, tukaandika. Ulipofika wewe akasema, 'Fundi wa barazani msimfuate. Atakuja mwenyewe.' Tukamuuliza, ni kiasi gani? Akasema, 'Kiasi anakijua fundi.'"

Nikakitaja. Nilikitaja kwa sauti, dukani, mbele ya wateja, mtu mzima na machozi, na futi yangu ya kupimia shingoni. Hakuna aliyekihoji.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mzee wa kanisa aliyenivalisha shati, ametangulia, lakini watoto wake wapo hapa na wamesikia. Namshukuru mzee yule wa Kihindi, na ninyi ndugu wa upande wake mwombeeni kwa namna yenu kama ninavyomwombea kwa yangu. Nawashukuru mlionipokea katika chama hiki mkijua nilikotoka. Mama watoto nitamshukuru nyumbani, hapa atanuna.

Na kwa wale walionifanya nisimame. Mtu akishalipa, asijifiche. Akae mahali pale ambapo aliowaumiza watamwona kila siku, afanye kazi yake, awarudishie hata vipande. Woga wa watu hauishi kwa maelezo, unaisha kwa kukuona. Kwa hiyo anayejua nyumba ya mwenzetu aliyeacha kuja, apite kwake leo akirudi, amwambie kikao kijacho aje. Asikae nyuma. Hapa pembeni yangu, benchi la mbele, pana nafasi yake.