Vyumba Vinne vya Bedan Mugo

Wachungaji, wazee, akina mama na majirani wa Mbotela, tulieni niwasomee safari ya shemeji yangu, na anayeijua kunishinda angoje nimalize.

Bedan Mugo alizaliwa Mbotela tarehe 9 Aprili 1959, kifungua mimba wa fundi wa reli, akasoma papo hapo mtaani hadi darasa la saba, 1974, akaajiriwa kiwandani Industrial Area, na mwaka wa 1986 akanunua mtamba mmoja, aliyezaa hadi zizi likawa na foleni.

Alipokuja kumposa dada yangu Waithera, Agosti 1988, aliwaambia wazee, bila kupepesa jicho, kwamba ana korido, sebule, jikoni na chumba cha wageni, harusi ikafanywa Desemba, bibi harusi akafika akakuta chumba kimoja na pazia, akauliza, “Sasa Bedan, sebule iko wapi?” naye akajibu, “Si ile ng'ombe wamelala?”

Ndivyo alivyoyaita malisho yake: Korido ni nyasi za kando ya reli, za mvua ikianza, Sebule ni uwanja wa nyuma ya viwanda, wa mvua ikiisha, Jikoni ni bonde la mto Mathare, la kiangazi, na kila nyasi zilipoliwa hadi usawa wa kwato aliwahamisha ng'ombe, akisema chumba kimelala, kisiamshwe. Chumba cha Wageni, shamba aliloazimwa na kanisa huko Njiru, ng'ombe hawakuruhusiwa hata kulinusa, nasi tukabaki kujiuliza mgeni ni nani, nikampeleleza miaka, akinijibu tu, “Shemeji, mgeni hapigi hodi mara mbili.” Mgeni alikuja 2022, naye ni ukame, uliokausha mpaka Jikoni, Bedan akafungua, na nawaapia, ng'ombe wake walishiba hadi wakasinzia wakitafuna.

Mungu aliwajalia Bedan na Waithera watoto wawili, Kim, 1990, na Shirleen, 1994.

Figo zilimsumbua tangu Novemba 2024, akatutoka tarehe 21 Julai 2025 bila kusema chumba kipi kinafuata, Kim akataka ng'ombe wauzwe kwa kuwa hatukujua tuwalishe wapi, Shirleen akakataa, tukazozana juma zima, hadi leo asubuhi Waithera alipotazama viti vikijaa hapa, akasema, “Kim, fungua Njiru. Wageni si hawa?” Basi mnapoketi hapa, ng'ombe nao wako mezani kule Njiru wakila nyasi, na hawauzwi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mliokesha nasi, wenzake wa kiwandani, na kanisa kwa lile shamba.

Bedan, sasa chumba chako ndicho kilicholala, hatukiamshi. Pumzika kwa amani, hadi mvua ya Mungu mwenyewe inyeshe.