Fulana ya Tatu: Maisha ya Embrik Sørhaugen, 1911–1985

Marehemu Embrik Sørhaugen alizaliwa tarehe 3 Machi 1911 katika shamba la Sørhaugen, bonde la Grøtådalen, Norwei, mtoto wa kwanza wa Marehemu Torsten na Marehemu Eli. Miaka minne baadaye akazaliwa mdogo wake, Asmund, na uzazi ukaishia hapo. Ndugu hao walilala kitanda kimoja. Mama Eli alikuwa akisema kwamba kitandani humo mmoja ni jiko na mwingine ni mlango: Asmund alitoa joto, Embrik alikaa upande unaopulizwa na upepo.

Alisoma shule ya msingi ya Øverlia kuanzia 1918 hadi 1925, siku moja darasani na siku moja nyumbani, kama tulivyosoma sote huku. Hesabu zilimpiga chenga. Alichokijua hasa alifundishwa na mama yake karibu na jiko: kunyoa kondoo, kusokota uzi, kufuma. Vijana wenzake walimkuta siku moja na sindano zake wakamwuliza, “Embrik, unaolewa lini?” Akawajibu bila kuinua macho, “Siku mtakayopata baridi.” Haukupita mwaka wakawa wanawapelekea mama zao vipimo vya vifua ili nao wafumiwe kama yeye.

Kazi yake ilikuwa kukata magogo msituni wakati wa theluji, kuyasukuma mtoni barafu ikiyeyuka, na kufuga kondoo mwaka mzima. Lakini jina alilipata kwa uwindaji. Alijiunga na kikosi cha wawindaji cha Øverlia mwaka 1930, na kwa miaka hamsini na mitatu hakukosa hata msimu mmoja wa kuwinda kulungu wale wakubwa wenye pembe pana kama makoleo ya theluji. Mara nyingi alirudi bila kufyatua risasi. Kumwona mnyama kulimtosha, alisema, nasi wenye vyungu vitupu tulinyamaza tu.

Ukitaka kuvaa vizuri kwa baridi ulimwendea yeye. Kwanza alikuwekea mkono wa fulana shingoni ukahesabu mpaka mia. Ikikuwasha, alisema hiyo ni ya juu, si ya kugusa ngozi. Ya kugusa ngozi iwe ya sufu ya mwanakondoo, ile ya bega, iliyonyolewa vuli, nyembamba, ikushike bila kukukaba. Juu yake ile nene. Ukipanda mlima uivue ile nene kabla hujatoka jasho, maana, kwa maneno yake mwenyewe, “jasho ndilo baridi yenyewe, imekuja mapema tu.” Ukifika mahali pako pa kuvizia, utoe nyingine kavu begini ubadilishe kabla hujakaa. Wala usiichemshe. Itundike nje kwenye hewa kavu ya barafu, itajisafisha. Wanawake wawili wa kijiji hiki walizichemsha fulana za waume zao zikarudi kutosha mdoli. Nisiwataje, wamekaa safu ya tatu.

Tarehe 6 Oktoba 1953, siku ya Jumanne, kikosi kilimjeruhi kulungu dume upande wa mlima Skjervola. Wawindaji wakatawanyika kumfuata. Asmund, mwenye mbio kuliko wote, alikimbia saa nzima kupanda, akafika kituo cha mbali cha kuvizia, akaketi kungoja. Mvua ya theluji ikaja na upepo, ukungu ukafunika njia. Alikutwa asubuhi ya pili ameketi vilevile, bunduki mapajani. Ndani alikuwa amevaa fulana ya pamba, nyeupe, iliyoagizwa kwa katalogi, imelowa jasho na kuganda kama ubao. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alimwacha mkewe Gunnvor na binti mmoja wa miaka tisa, Torbjørg.

Tangu vuli iliyofuata Embrik alisimama kila asubuhi mlangoni pa kibanda cha wawindaji, na hakupita mtu bila kuambiwa, “Fungua kola.” Aliingiza kidole, akapapasa. Mwenye pamba alirudishwa nyumbani. Mwaka 1971 alikuja mchungaji mpya na bunduki ya kuazima.

“Mzee Embrik, mimi ni mtumishi wa Bwana, hutaniaibisha mbele ya watu,” mchungaji akasema.

“Fungua kola, Mchungaji.”

Akafungua. Pamba.

“Hata Mungu alipomtoa Adamu bustanini,” Embrik akamwambia, “alimvika ngozi. Hakumvika pamba.”

Mchungaji alirudi kubadili, na ndiye huyu anayetuongoza leo. Shingo yake tumeikagua.

Begini mwake alibeba fulana ya akiba kama wengine, na chini yake nyingine ya tatu, imefungwa kwa kitambaa. Kila mwaka aliitundika nje kwenye baridi siku moja, akaikunja, akairudisha. Haikuvaliwa kamwe. Mwaka 1962 Halsten, kiongozi wa kikosi, alitumbukia kijitoni hadi kifuani. Embrik akamvua, akampa fulana kavu aliyokuwa ameshaivaa yeye mwenyewe, akairudia ile yake mbichi ya jasho. Halsten, huku meno yakigongana, akasema, “Wewe mtu umechanganyikiwa? Si una nyingine hapo chini?”

“Ile ina mwenyewe.”

“Nani?”

“Twende, usije ukafa hapa ukanipa kazi ya kukubeba.”

Tukasema ni uchoyo wa kapera. Midomo yetu haina kazi nyingine huku majira ya theluji.

Marehemu hakuoa. Baada ya 1953 kijiji kizima kilimwozesha Gunnvor kwa maneno. Nyumba zao zimetengana hatua mia moja na ishirini. Alimpasulia kuni miaka thelathini na moja, akazipanga mlangoni, akagonga mara moja na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Siku ya Krismasi aliitwa mezani. Alituma mguu wa kondoo na salamu. Torbjørg alipokuwa binti mkubwa alimfuata mpaka kwake akamwuliza, “Baba mkubwa, sisi tunanuka?” Akamwambia, “Hapana, mwanangu. Nyumba yenu ina joto sana.” Akala peke yake, sahani moja, kikombe kimoja, redio imewekwa mahali pa mtu wa pili.

Septemba 1984 alianza kukohoa. Daktari alisema ni mapafu, na moyo umechoka. Msimu wa Oktoba aliukosa, akaketi dirishani na kuangalia shingo za watu wakipita barabarani. Torbjørg alihamia kwake kumuuguza. Jumapili ya tarehe 13 Januari 1985 alimwomba amletee begi, akaitoa fulana ya tatu.

“Ipime,” akasema.

Torbjørg akainyoosha. “Kubwa mno kwako, Baba mkubwa. Wawili kama wewe mngeingia humu.”

“Ni kipimo cha baba yako.”

Ndipo akasema neno lake, na akataka lisemwe pia hapa mbele ya kikosi kabla hajafukiwa. Usiku wa kuamkia siku ile ya 1953, kibandani, Asmund aliwachekesha watu: “Kaka yangu halali na mwanamke, analala ndani ya kondoo.” Wote walicheka. Asubuhi Embrik aliiona kola nyeupe. Aliiona, akajua, na akiba kavu alikuwa nayo begini. Akajiambia, “Acha baridi imfundishe, mchana nitampa.” Kabla ya mchana kulungu akajeruhiwa. Na yeye Embrik, alipofika kituo chake, aliitoa ile akiba akaivaa mwenyewe. “Nilikaa nimepata joto,” alisema. “Joto zuri, Torbjørg. Mpaka jioni.” Majira ya theluji yaliyofuata alifuma hii.

Torbjørg alimwambia anywe maziwa yake. Kisha akatembea zile hatua mia moja na ishirini, akamwambia mama yake.

Gunnvor aliweka chini kisu cha viazi. Maji ya viazi yakachemka na kumwagika. “Ile pamba niliiagiza mimi,” akasema. “Baba yako hakuitaka. Nilimwambia, vaa bwana, usinuke zizi mbele za watu. Nikadhani Embrik anajua. Nikadhani ndiyo sababu haingii kwangu.”

Akavaa viatu. Kwa miaka yake sabini hana tena mwendo, lakini siku ile hakuna aliyemshika mkono. Aliingia bila kubisha hodi. “Shemeji,” alisema, “sogea huko,” akaketi kitandani. Waliyozungumza ni yao. Walikula sahani mbili siku nane, kikombe cha pili ikabidi kiletwe kutoka kwetu.

Embrik alifariki Jumatatu tarehe 21 Januari 1985, saa tatu asubuhi, Gunnvor akiwa amemshika kifundo cha mkono. Ardhi imeyeyushwa kwa moto siku mbili ili apate kulazwa kando ya ndugu yake.

Mama Gunnvor ameruhusu yote haya yasomwe. Ni yeye aliyemvika marehemu ile fulana ya tatu. Ilimpwaya, alikunja mikono mara mbili kila upande. Halsten alipouliza kwa nini avikwe nguo ya mtu mwingine, Mama alisema, “Ataivaa njiani, ili ikimfikia mwenyewe iwe na joto.”

Ameacha shemeji mmoja, Gunnvor. Mtoto wa ndugu yake, Torbjørg. Kondoo kumi na wanane. Na kikosi cha Øverlia, wanaume kumi na wanne waliofunga kola vizuri.

Lala salama, Embrik. Safari hii usikae upande wa upepo.