Wivu Wangu na Kibanda cha Kubanikia Samaki

Ndugu zangu wa jumuiya, nikisimama muda mrefu nahema, kwa hiyo nivumilieni niseme nikiwa nimekaa. Mimi nina wivu tangu utotoni. Nyie mnaonijua mnacheka, chekeni tu.

Kule Ikola, kando ya ziwa, nilikuwa nabanika samaki, na jirani yangu vilevile. Vibanda vyetu vilikuwa sawa: udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna, maana moshi ukitoka kuni zinaisha bure. Siku moja mume wake, mwajiriwa wa serikali, akamjengea tanuri la nje lenye bomba la kutolea moshi. Akaniita, "Dada, njoo tubanike wote." Niende, ili aseme amenisaidia? Nikamjibu samaki wa tanuri hawana ladha. Nikabaki kibandani miaka, macho mekundu, najisifu.

Tukaanza kukohoa wote wawili. Yeye alikuwa na bima. Mwezi haujaisha ameshapelekwa mbali, amepigwa picha, ameambiwa ni saratani ya mapafu na ameiwahi. Mimi zahanati nikapewa dawa za kifua. Zikaisha, nikapewa za TB, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Nikameza mpaka nikaanza kutema damu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbaya: nilimwonea wivu hata ile saratani, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa na jina.

Aliporudi sikwenda kumpa pole. Akaja mwenyewe, kichwani hana nywele, akakaa kwenye kigoda changu akinisikiliza nakohoa.

"Kikohozi hicho nakijua," akasema. "Kesho tunakwenda Mpanda, na hatutoki mpaka wakupe rufaa."

"Mimi sina bima."

"Nina mdomo."

Nililia. Nilichukia kwamba ni yeye. Lakini nikaenda.

Rufaa ikatoka, nyie mkachanga nauli. Madaktari wakakuta saratani ileile, ila mimi nilikuwa nimechelewa, wakakata pafu moja karibu lote. Asanteni sana, nyie na yeye aliyekaa pale mbele. Mama unayebanika ndani, toboa ukuta moshi utoke, na ukialikwa kwenye tanuri la mwenzio, nenda. Ukimeza dawa usipate nafuu, rudi useme. Moshi tulivuta wote, kadi ya bima alikuwa nayo mmoja. Hilo bado linaniuma.

Na wivu haujaisha. Kwaya ikiimba, yeye anafika mwisho wa ubeti, mimi nakatika katikati. Kwa hiyo jirani, Jumapili ukiona nimekukodolea macho, usiogope. Nakuangalia tu unavyopumua.