Kabati la Mama Noela

Kijiwe chetu kipo Keko, kati ya karakana ya Fransis na duka la misumari, na benchi tulilitengeneza wenyewe kwa mabaki ya mbao za mkongo, halijalegea hata msumari mmoja. Mie naitwa Msasa kwa sababu kazi yangu ni kusugua mbao na kupaka vanishi, na wenye roho mbaya wanasema ni kwa sababu ya mdomo wangu. Kushoto kwangu hukaa Badru, dalali wa mbao, tunamwita Redio maana hazimiki. Kulia hukaa Wilbert, fundi vitanda, ambaye alienda semina ya jinsia ya siku tatu akarudi na begi, kofia na dunia mpya, basi jina likawa Semina. Kahawa na kashata anatuuzia Bi Tabu, aliyekaa mbele yetu juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa kimya, kitu ambacho sijawahi kukiona, kwa sababu Fransis mwenyewe, Sentimita, fundi asiyekosea hata uzi, alishika kikombe chake bila kunywa.

— Sentimita, nikamwambia, kahawa inapoa. Una msiba?

SENTIMITA: Afadhali msiba, watu wangenipa pole. Mke wangu kalikataa kabati.

Tuliguna wote. Kabati hilo tunalijua. La jikoni, mninga mtupu, droo sita, juu uso mpana wa kukatia mboga na kuweka jiko. Kalitengeneza miezi minne, jioni baada ya kazi, kwa ajili ya miaka kumi na tisa ya ndoa. Vanishi niliipaka mie. Sie wote tulilibeba mpaka ndani tukiimba.

REDIO: Kalikataa vipi? Kalitupa?

SENTIMITA: Angelitupa ningeelewa. Kalitandika kitambaa cha kufuma, kaweka juu picha ya harusi yetu. Halafu anatoka nje, anakaa kwenye kigoda, kibao mapajani, anakata mchicha kama zamani. Wiki ya tatu hii! Jana nimelala naangalia dari tu. Nikajiuliza, huyu mwanamke bado ananipenda kweli?

Hapo nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Mwanaume mrefu kama mlango, macho yamemlowa mbele za watu.

SENTIMITA: Na kesho naanza kukata mengine sita, kipimo kile kile. Oda ya nyumba mpya kule Wazo. Sasa nitakata kwa moyo gani?

REDIO: Braza, mie nishajua. Ule mninga nilikuletea mie. Yule aliyeniuzia alikuwaga na macho mekundu. Inawezekana mti ule uliota makaburini. Mwanamke ana hisia. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Kabati halivaliwi, Redio, nikasema.

REDIO: Lakini nguo zinawekwa kabatini! We subiri. Mtaani kwetu kuna mke mwingine kagomea kabati la nguo. Wanawake wana makundi yao kwenye simu, wamepanga. Leo makabati, kesho vitanda, kesho kutwa Keko nzima tunauza mihogo.

SEMINA: Yule hajagoma. Mlango ulijikunja, mbao ulizomuuzia fundi zilikuwa mbichi.

REDIO: Sasa hayo mengine.

Semina alivua kofia yake ya semina akaipangusa. Tukajua yanakuja.

SEMINA: Jamani, nyie mnaleta ushirikina kwenye falsafa. Hii ishu inaitwa mfumo dume. Sentimita, umemjengea mwanamke gereza la mninga.

SENTIMITA: Lina droo sita!

SEMINA: Hata gereza lina vyumba. Kwa nini hukumjengea ofisi? Umemjengea jiko. Umemwambia, mke wangu, mahali pako ni hapa, nimepapaka na vanishi. Yeye kagoma. Ule mchicha anaokata nje ni mapinduzi.

BI TABU: Mchicha?

SEMINA: Mapinduzi kabisa, mama. Tulifundishwa kuna maadili ya kujali. Biashara yoyote, nyumba yoyote, kabla hujaamua, unatazama jambo kutoka pale alipokaa yule anayeumia. Maana kila mtu anaijua dunia kutoka pale alipokaa.

BI TABU: Mie nimekaa kwenye ndoo ya rangi mwaka wa sita huu, mbele ya mafundi samani. Naijua dunia gani?

Tulicheka sana. Bi Tabu hakucheka, alikuwa anamimina kahawa.

— Semina, nikamchokoza, na mkeo naye kagoma?

SEMINA: Mke wangu haelewi haya mambo. Nilimwelezea saa mbili nzima akalala. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

SENTIMITA: Sasa mie nifanyeje? Nilichome?

REDIO: Muite shekhe. Au mchungaji. Ita wote wawili, kamba mbili hazikatiki.

Hapo akaja dada mmoja, shati la kitenge, futikamba imening'inia shingoni, anapangusa jasho.

— Shikamoo mama. Habari zenu kaka zangu. Mie naitwa Asifiwe, fundi cherehani, nimetoka Kigamboni. Namtafuta fundi Fransis anitengenezee meza ya kukatia vitambaa.

— Ndo huyo, nikasema, ila leo anauguza kabati.

Bi Tabu akamwitikia, akampa kikombe, akamsimulia yote kwa maneno machache, bila makaburi na bila gereza. Asifiwe alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Sentimita.

ASIFIWE: Pole kaka. Kabati lina urefu gani kutoka chini?

SENTIMITA: Mita moja kamili. Haipungui, haizidi.

ASIFIWE: Ulimpima nani?

SENTIMITA: Sijakuelewa dada. Kabati halipimwi kwa mtu. Nilisimama wima, nikakunja mkono hivi, nikapiga alama ya penseli pale kiwiko kilipofika, nikashusha kidogo.

ASIFIWE: Kiwiko cha nani?

Sentimita aliangalia kiwiko chake.

ASIFIWE: Nauliza tu. Sie kwenye cherehani hatugusi mkasi kabla mwenye nguo hajasimama mbele yetu. Shemeji anakufika wapi?

SENTIMITA: Ananifika... (Akaweka mkono kifuani. Akaushusha. Akaupandisha tena.) Ananifika hapa. Au hapa.

Mtu huyu anakumbuka kwa kichwa upana wa milango ya wateja wa mwaka juzi.

Semina alivaa kofia yake akaishusha mpaka machoni. Redio, kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti ndogo kwamba mke wake akikasirika anakuwa mrefu, akitulia anakuwa wa kawaida. Mie nikakumbuka rafu ya masufuria niliyopigilia nyumbani mwenyewe, najisifia, na lile debe ambalo mke wangu hulisogeza kila siku akapanda juu yake ili aifikie. Nilikuwa nadhani anapenda debe.

Sentimita akatoa simu, akampigia mkewe, akaweka sauti ya wazi.

— Halo, Mama Noela.

— Abee, Baba Noela.

— Nakuja nyumbani kukupima.

— Unipime? Umeanza kutengeneza majeneza?

— Hapana mke wangu! Kiwiko. Nataka kupima kiwiko chako. Kabati ni refu, eti?

— Baba Noela. Siku ile mnaliingiza, nilikwambia limekuwa refu. Ukanijibu, zuri eeh? Wenzako wanaimba, umefurahi kama siku ya harusi. Nikikatia pale mabega yananiuma mpaka usiku. Ningesemaje tena? Nikaona niliwekee picha yetu, angalau lipendeze.

Sentimita akafuta uso kwa kiganja chenye vumbi la mbao. Vumbi likabaki shavuni.

— Nisamehe, Adelina. Nakuja na msumeno, nalikata miguu leo leo.

— Ukate mninga ule? Thubutu! Limekaa vizuri sana, limekutosha wewe kabisa. Langu utanitengenezea jingine, kwa kipimo changu. Hilo utapikia wewe. Mchicha nimeshanunua, uwahi.

Akakata simu.

Redio alicheka akamwaga kahawa kwenye suruali. Sentimita alisimama, akaingia karakanani, akafuta kwa kiganja alama zote za penseli kwenye mbao za oda ya Wazo. Akarudi, akamwambia Asifiwe asimame wima akunje mkono, akampima kiwiko, akaandika. Halafu akatugeukia.

— Jamani, mchicha. Kinatangulia kitunguu au mafuta?

Semina akafungua begi la semina, akachungulia ndani, akalifunga. Wanaume wanne wazima wenye ndoa, hakuna aliyejua.

Bi Tabu aliinamisha birika, likatoa kikombe kimoja cha mwisho. Hakumpa mtu. Akanywa mwenyewe, taratibu.

— Si unayo namba yake? Muulize.

Sentimita akapiga tena.